Mchanganyiko wa leo: chungu, kisamvu, maneno ya jikoni na muuza vyungu wa Fumba

Kibia (mleta uzi)

Wakuu, za asubuhi. Walio kazini, walio safarini, na mliokwisha kuinjika chai mkasubiri itokote, karibuni. Utaratibu ni uleule: chemsha bongo, chakula, maneno, na mtu mmoja wa kututia nguvu. Leo vyote nimevitia katika chungu kimoja, na ninaposema chungu nakusudia chungu chenyewe cha udongo, kile ambacho wengi tumekihamishia uani na kukigeuza cha kupandia maua.

Tuanze na chemsha bongo.

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani yetu. Alitua Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa. Mungu ambariki kwa jambo moja: alikuwa mtu wa kukumbuka alichokula. Anasimulia kwamba Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kuhusu Mombasa anasema chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki.

Sasa swali. Katika vyakula hivi, vipi visingeweza kabisa kuwepo kwenye mkeka ule, hata mwenyeji angekuwa sultani? Muhogo, nazi, mahindi, mtama, karanga, kunde, nyanya, papai, korosho, pilipili kichaa.

Jibuni kwa kichwa, msiperuzi kwanza.

Mbuzi wa Nazi

Naanza mimi. Nyanya na korosho havikuwepo. Muhogo ulikuwepo, hilo sina shaka. Mtu wa pwani bila muhogo aliishije?

Bandari Salama

Mimi nasema mahindi. Lakini nikisema mahindi najiuliza, ugali walisonga wa nini?

Mwali wa Pangani

Karanga. Maana yake kisamvu cha karanga hakikuwepo. Pole yake Ibn Battuta, kasafiri kote huko akarudi bila kukionja.

Mbuzi wa Nazi

Dada Mwali, kisamvu chenyewe si kilikuwepo? Angalau kile cha nazi.

Kibia (mleta uzi)

Naona mnajikuna vichwa, nifungue chungu.

Visivyoweza kuwepo ni muhogo, mahindi, karanga, nyanya, papai, korosho na pilipili kichaa. Vyote saba asili yake ni bara la Amerika, na mwaka 1331 hakuna chombo kilichokuwa kikienda huko na kurudi. Columbus alivuka 1492. Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na ukatufikia pwani ya mashariki baadaye. Korosho nayo ni ya Brazil, ingawa ukimwambia hivyo mtu wa Mtwara atakutazama mara mbili.

Vilivyobaki vingeweza kuwepo. Mtama na kunde ni vya kwetu Afrika tangu kale. Nazi, mpunga na ndizi asili yake ni Asia, lakini vilikuwa vimekwisha kufika pwani zamani sana kabla ya Ibn Battuta. Kwa hiyo Bandari Salama, ugali ulisongwa, ila wa mtama au uwele. Na pilipili anayoitaja msafiri yule kwenye achari inafaa kueleweka kuwa ya jamii ya pilipili manga, ambayo ni mmea mwingine kabisa na asili yake ni India.

Dada Mwali yuko sahihi kuliko alivyodhani. Si karanga tu zilizokosekana, kisamvu kizima hakikuwepo, maana bila muhogo hakuna jani la muhogo.

Nina nyongeza ninayoipenda sana. Mnakijua kitendawili cha "Kuku wangu katagia miibani"? Jibu ni nanasi. Nanasi nalo ni la Amerika. Basi kitendawili hicho, ambacho kila mmoja wetu kakipokea kwa bibi yake akaamini ni cha tangu dunia ianze, hakiwezi kuwa na umri unaozidi miaka mia tano na kidogo. Mtu fulani wa pwani alilitazama tunda geni, akaona kuku ametaga kwenye miiba, akategea wenzake. Ningetoa kitu kikubwa kumjua mtu huyo.

Kilichokuwepo 1331, na miaka mingi sana kabla yake, ni chungu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wakifukua miji yetu ya pwani, kitu wanachokutana nacho kwa wingi kuliko vyote ni magae ya vyungu. Kwa mapambo yaliyochorwa shingoni mwa chungu wanaweza kukadiria tabaka lile ni la karne gani.

Bandari Salama

Mkuu hapo kwenye nanasi umenimaliza. Nimemtegea bibi, kajibu upesi, nikamweleza habari ya Brazil, kaniambia nirudie kitendawili vizuri.

Kibia (mleta uzi)

Msikilize bibi, huyo ndiye chuo.

Sasa chakula cha leo, na kwa sababu kimekwisha kutajwa, ni kisamvu. Nitakaa hapa kidogo kwa kuwa chakula hiki hatukiheshimu vya kutosha.

Jani la muhogo lina dawa yake ya kujilinda. Ndani yake mna kitu kiitwacho linamarini, na kando yake, katika chumba kingine cha jani lilelile, kuna kimeng'enya. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Mnyama akitafuna, vinakutana, na hapo inatoka sianidi, ambayo ni sumu. Mama zetu hawakuwa na maabara, lakini hebu tazama wanavyofanya. Wanatwanga kinuni mpaka jani linakuwa laini kabisa. Kule kutwanga ndiko kunakovikutanisha viwili vile na kuanza kuitoa sianidi nje. Kisha wanachemsha, na mwanzoni chungu hakifunikwi, mvuke unapaa na sumu inaondoka nayo, kwa kuwa ni kitu kinachoruka upesi kikipata joto. Ndiyo maana kisamvu cha haraka haraka si kisamvu. Anayekikatakata kwa kisu na kukichemsha dakika kumi anaruka hatua zenye sababu.

Namna yangu ni hii. Chuma majani machanga ya juu, yale ambayo bado hayajakakamaa. Ondoa vikonyo, osha. Twanga pamoja na kitunguu saumu. Injika na maji, acha kitokote wazi, moto wa wastani, kwa saa nzima au zaidi, ukiongeza maji yakipungua. Wapo wanaotia magadi kidogo kulainisha, ni hiari. Kikiwa laini, tia tui la pili, lile jepesi, pamoja na karanga zilizosagwa au kunde zilizochemshwa kando. Chumvi. Mwisho kabisa tui la kwanza, zito, na hapo usiondoke, koroga taratibu mpaka lichemke mara moja tu, epua.

Ukikipikia kwenye chungu cha udongo utaona tofauti. Udongo hupokea joto polepole na hulitoa polepole. Tui halishtuki, chini hakuungui upesi, na ukiepua kisamvu kinaendelea kuiva chenyewe kwa muda. Mie nakiona kitamu zaidi cha jana yake, kiporo, na wali wa moto.

Mwali wa Pangani

Kwa nini tui hukatika? Shangazi yangu halikatiki hata siku moja na hasemi siri.

Kibia (mleta uzi)

Dada Mwali, tui ni mafuta ya nazi yaliyoelea ndani ya maji, yakishikwa na protini za nazi yenyewe. Moto ukiwa mkali, zile protini hushikana na kuyaachia mafuta, ndipo unaona mabonge na maji mbalimbali. Ndimu ikitiwa mapema hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo tui zito liingie mwisho, moto uwe mdogo, mwiko usitulie, ndimu itiwe ukishaepua. Nakuhakikishia shangazi anafanya hayo manne bila kuyafikiria.

Ziwa Kivu

Salamu toka Goma. Huku kwetu tunaita sombe, na watu wa Kinshasa wanasema pondu. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi ni isombe. Sisi tunatia mafuta ya mawese, wengine wanaongeza samaki mkavu. Kusaga lazima vizuri, pale umesema kweli. Mama yangu akisikia sauti ya kinu imenyamaza mapema, anarudisha mtu kwa kinu.

Kibia (mleta uzi)

Ziwa Kivu, karibu sana. Mawese kwenye kisamvu nimeyala, na nayapigia kura.

Wakuu, kabla sijahama kwenye kisamvu, kuna hadithi moja ambayo nadhani ingefaa kusimuliwa kila shule. Mnaifahamu ile aina ya kisamvu kinachoitwa kisamvu cha mpira? Mti wake ni mkubwa kuliko muhogo wa kawaida, unapandwa uani, watu wanachuma majani tu, mizizi yake haina faida mezani. Wengi wanakisifu kuliko kisamvu cha muhogo.

Jina lile halikuja bure. Mti huo, ndugu wa muhogo, unatoka Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, na Wajerumani waliupanda huku mwanzoni mwa karne ya 20, Tanga na kwingineko, kwa ajili ya utomvu wa kutengenezea mpira. Mashamba yalikuwa makubwa. Mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka, kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yanatoa mpira mwingi na wa bei ndogo, na biashara ile ikafa hapa kwetu. Miti ikabaki. Wenyeji wakaonja majani.

Hadithi haikuishia mbogani. Miaka ya 1930 muhogo wa Afrika Mashariki ulikuwa unaangamizwa na batobato, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na mabaka ya njano, unaoenezwa na inzi weupe. Kituo cha utafiti cha Amani, juu milimani Usambara ya Mashariki, watafiti Storey na Nichols walitafuta muhogo wenye ukinzani wasiupate wa kutosha. Wakageukia jamaa za muhogo, na mmojawapo ni mti huu wa mpira. Wakauzalisha na muhogo, wakarudia kuzalisha watoto wake na muhogo tena na tena, mpaka wakapata mbegu inayotoa mizizi ya kulika na inayohimili ugonjwa. Damu ya mbegu za Amani imeingia katika mihogo iliyozalishwa baadaye sehemu nyingi za Afrika, hadi Nigeria, nchi inayozalisha muhogo mwingi kuliko zote duniani.

Mti ulioletwa kwa ajili ya magurudumu ya Ulaya ukatupa mboga, kisha ukauokoa muhogo. Kila nikipita nyumba yenye mti huo uani nausalimia kimoyomoyo.

Mkulima wa Muheza

Mleta uzi, asante kwa kuitaja Amani. Sisi tulio chini ya mlima tunaona mawingu yake kila siku na vijana hawajui kilichofanyika kule. Naongeza: ugonjwa wa pili wa muhogo, michirizi kahawia, nao ulielezwa kwa mara ya kwanza na Storey huyohuyo, 1936. Huo ndio unaotusumbua zaidi sasa, maana shina linaonekana zima, ukichimba unakuta mzizi umeoza ndani. Dawa yake ni kupanda pingili safi. Usikubali kupewa pingili na jirani bila kulikagua shamba lake.

Kibia (mleta uzi)

Mzee Mkulima, shikamoo, na asante. Hilo la pingili safi naomba watu walisome mara mbili.

Tuje kwenye maneno. Leo sitaki maneno makubwa ya kwenye hotuba. Nataka maneno ya jikoni ambayo naona yanatuponyoka kwa sababu vyombo vyenyewe vinatuponyoka.

Kuinjika ni kuweka chungu motoni. Kuepua ni kukiondoa. Siku hizi nasikia "weka sufuria", "toa sufuria", na roho inaniuma kidogo, kwa sababu tuna neno moja lililokamilika kwa kila tendo. Kupalia ni kuweka makaa, hasa yale unayoweka juu ya mfuniko ili wali ukauke juu na chini sawasawa. Kupakua mnalijua. Ukoko mnaugombania.

Vyombo sasa. Chungu cha kupikia, mtungi wa maji, kikaango, chetezo cha ubani, na kibia, kile kifuniko kidogo cha udongo nilichokichagua kuwa jina langu humu. Upawa ni wa kutekea mchuzi, kata ni ya kutekea maji mtungini, na vyote viwili kiasili ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Ngata ni ile duara ya kitambaa au majani unayoweka kichwani ubebe mtungi. Mafiga ni mawe matatu. Chungu kikivunjika kinakuwa magae, na gae halitupwi: linatumika kuchukulia kaa la moto kutoka kwa jirani, au kuwekea maji ya kuku. Methali yetu ya leo inatoka hapo: Mfinyanzi hulia gaeni.

Halafu mtungi. Mnajua kwa nini maji ya mtungini ni baridi bila umeme? Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana. Maji yanapenya kidogo kidogo hadi nje na kukauka, na yakikauka yanachukua joto kutoka ndani. Ndiyo sababu mtungi mzuri huwa na unyevu kwa nje. Ukiupaka rangi ya mafuta upendeze, umeuziba, hautapooza tena.

Upawa wa Bibi

Hapo kwenye rangi umenena. Nimeona mitungi imepakwa rangi ya dhahabu halafu mtu analalamika maji ni ya moto.

Nami nichangie majina ya nazi kwa umri, maana watoto wanasema "nazi changa" na "nazi kubwa" tu. Linaanza kidaka, likikua kidogo ni kitale, kisha dafu la kunywa, kisha koroma ambalo si dafu tena wala halijawa nazi, kisha nazi yenyewe. Mgema akisema "hilo koroma" usimkatalie, anajua kwa kugonga tu.

Bandari Salama

Na chungu? Mnakumbuka ile ya utotoni: "Chungu cha dawa chungu kimeingiwa na chungu, chungu nzima." Isemeni upesi mara tano.

Upawa wa Bibi

Nimesema mara tatu, ya nne nikamwagika na dawa.

Mhaya Mtani

Wakuu, Bukoba tunasalimu. Chungu kwetu kina kazi nyingine. Kahawa ya robusta inachumwa, inachemshwa chunguni na majani ya kunukia, inakaushwa, halafu haisagwi wala hainywewi. Inatafunwa. Mgeni akifika anapewa kahawa kiganjani kabla ya maneno mengine. Tunaiita akamwani. Pwani mnakunywa kahawa chungu na kashata, sisi tunaitafuna tukizungumza, na mazungumzo yanakwenda mbali vilevile.

Kibia (mleta uzi)

Mtani, hiyo niliipokea kiganjani kwa watu wa Bukoba, na harufu yake ilikaa mkononi hadi usiku.

Sasa mtu wa leo. Nilimweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu nikianza naye sitafika kwenye kisamvu.

Karibu na mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na jina lile linatueleza wazi familia ilikuwa wapi katika jamii ya siku zile. Hakusoma shule. Alijifunza kazi ya mama: ufinyanzi. Na vyungu vikishachomwa lazima viuzwe, kwa hiyo alivitembeza kijiji hadi kijiji, akavinadi kwa kuimba. Watu wakawa wanajua kwamba muuza vyungu anakuja kabla hawajamwona.

Fikirini hiyo kazi. Chungu ni kizito, ni chepesi kuvunjika, njia ni ya mawe ya matumbawe, na faida ni senti. Anayebeba chungu kichwani hawezi kuinama wala kukurupuka, anapaswa kuwa na shingo iliyonyooka na pumzi iliyopangwa. Ni maoni yangu mwenyewe kwamba pumzi ile aliipata barabarani, kabla hajakutana na mwalimu yeyote.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na Muhsin Ali, mpiga udi, akafundishwa muziki na uimbaji wa Kiarabu, akajifunza pia kuisoma Kurani. Taarabu wakati ule ilikuwa ya jumba la sultani, ya Kiarabu, na ya wanaume. Yeye akaiimba kwa Kiswahili. Akaimba mambo ambayo muuza samaki na mpagazi wa bandarini wangeyaelewa: dhuluma, mahakama, wenye nguvu na wanyonge. Akapewa jina jipya, Siti, yaani bibi mwenye heshima. Siti binti Saad.

Wenye wivu walimtungia ubeti wa kumcheka sura yake na asili yake ya shamba, wakasema bila sauti asingekuwa na chakula. Naye akawajibu kwa ubeti: uzuri wa sura si hoja, tazameni akili na tabia. Jibu lake limedumu.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa His Master's Voice. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa. Sahani zile zikarudi na kuenea pwani yote, na watu wengi wakasikia kwa mara ya kwanza lugha yao wenyewe ikitoka kwenye mashine. Alifariki 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na miaka mingi baadaye waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, waliliita jarida lao Sauti ya Siti.

Wewe uliyeamka leo na mzigo wa kutembeza, iwe ni mitumba, ni karanga, ni maombi ya kazi katika bahasha, nakuandikia wewe hasa. Aliyekuwa akinadi vyungu Fumba alikuwa tayari ni Siti, mji ulikuwa haujamsikia tu.

Mwali wa Pangani

Nimesoma hii nikiwa na beseni la vitumbua kituoni. Vimebaki saba. Asante kaka.

Mkulima wa Muheza

Binti, Mungu akupe wateja. Vitumbua vya Pangani havilali.

Nje ya Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nimezaliwa Unguja, naishi Oman. Huku kuna mji unaitwa Bahla, maarufu kwa ufinyanzi, na ngome yake ya udongo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987. Nilipokwenda nikakuta vyetezo, nikanunua kimoja kwa sababu kilifanana na cha nyumbani kwetu. Swali langu: huko nyumbani mtu akitaka vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa kwa mkono, avipate wapi? Namaanisha vya kazi, si vya mapambo.

Kibia (mleta uzi)

Wa alaykum salaam ndugu. Masoko mengi ya mikoani yana kona ya vyungu, uliza wauza mkaa, wao hujua. Lakini ukipata nafasi ya safari, nenda Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela. Kuna kijiji kinaitwa Lyulilo, na Jumamosi wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao hapo, vingine vinafika kwa mitumbwi. Hawatumii gurudumu. Wanafinyanga kwa mkono, wanakwangua kuta ziwe nyembamba, wanapamba, wanachoma. Wachuuzi wanavichukua kutoka pale hadi Mbeya na mbali zaidi. Kigonge kwa kidole kabla hujalipa: kilichoiva kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa.

Upawa wa Bibi

Na ukikifikisha nyumbani usikiinjike kikavu. Kiloweke maji usiku kucha, kiache kikauke kivulini, kisugue ndani na chicha ya nazi au mafuta kidogo, kisha chemshia maji kwa moto mdogo mara ya kwanza. Chungu cha moto usikimwagie maji ya baridi, na usikiweke juu ya sakafu ya baridi ukishakiepua, kiweke kwenye ngata ya nguo au majani. Sabuni ya maji nayo iache, udongo unainywa na mchuzi utanukia sabuni.

Nje ya Muscat

Nimenakili yote. Mke wangu anauliza kama jiko la gesi linafaa.

Upawa wa Bibi

Linafaa, mwambie dada aweke bati la kusambaza moto chini yake, na moto uwe mdogo muda wote.

Kibia (mleta uzi)

Kesho ni zamu ya Pemba. Chemsha bongo mnayolala nayo: karafuu ni tunda, ni mbegu, au ni ua? Na kwa nini kimbunga cha 1872 kiliifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu? Mwenye jibu aliweke hapa kabla ya alfajiri, mwenye karafuu za kutia kwenye chai aanze nazo sasa hivi.

Mbuzi wa Nazi

Ua! Ua ambalo halijachanua. Hii naijua, babu yangu alikuwa mchumaji Wete.